Nichukue kompyuta ya mezani iliyokarabatiwa, au nisubiri nipate hela ya mpya?

Mpanga_Kurasa aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga maandishi ya watu: tasnifu, ripoti, kumbukumbu za vikao. Kutwa niko kwenye Word, mara nyingi na faili moja la kurasa mia tatu lililojaa picha na majedwali, huku PDF tatu nne zikiwa wazi pembeni na kivinjari nacho kimejaa. Jioni mwanangu anakaa hapohapo kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Laptop niliyonayo imekatika bawaba, na shingo yangu imechoka kuiinamia. Nataka kompyuta ya mezani na skrini kubwa.

Mpya iliyo nzuri siimudu kwa sasa. Muuzaji wa zilizokarabatiwa amenipa mbili nichague:

Dell OptiPlex 7010, Core i7-3770, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, diski ya HDD ya GB 500.

HP EliteDesk 800 G4 ya umbo dogo, Core i5-8500, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256.

Zote zimewekwa Windows 11. Hiyo HP inaizidi Dell bei kwa kama theluthi, ila zote ziko chini sana ya mpya. Muuzaji ananisukuma kwenye Dell. Anasema i7 ni kubwa kuliko i5, na diski yake ni kubwa karibu mara mbili. Mwenyewe ninasita. Na hata nikichagua moja, je, ni busara kununua mashine ambayo ofisi ya watu imeitumia miaka kisha ikaitoa? Kompyuta hii ndiyo itanilisha, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Kivuli_cha_Mti alijibu:

Chukua hiyo i7, utupe hiyo HDD, uweke SSD na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. LibreOffice, mbadala wa Word, ipo bure, Python inakuja nayo tayari. Mashine ya 2012 kama hiyo Dell ikiwa na SSD na Linux inafanya kazi vizuri sana, na kiasi ulichookoa kinakununulia skrini.

Fundi_Bisibisi alijibu:

Dada (au kaka, uniwie radhi), chukua HP. Nakueleza kwa nini, maana kila wiki naletewa kompyuta ambayo mtu ameinunua kwa kusoma neno "i7" peke yake, na inaniuma kwa sababu hela hiyo aliitafuta kwa jasho.

Usiishie kwenye i5 au i7. Soma namba inayofuata baada ya kistari. i7-3770: ile 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, prosesa iliyotoka 2012. i5-8500: kizazi cha nane, 2018. Katikati hapo imepita miaka sita ya kazi ya wahandisi. Hiyo i7 ina viini vinne, kila kimoja kinapokea kazi mbili kwa wakati mmoja. Hiyo i5 ina viini sita kamili, kila kimoja kina kasi kuliko cha ile ya zamani, tena imewekewa kiwango cha wati 65 wakati ya zamani ni wati 77. Lebo ya i7 inakuambia tu kwamba prosesa hiyo ilikuwa ya juu miongoni mwa wenzake wa mwaka ule. Haikuambii lolote ukiilinganisha na zilizozaliwa baadaye. Hata i3-8100 ya mwishoni mwa 2017 inaishinda i7-2600 ya 2011.

Halafu Windows. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za kawaida za Intel, inaanzia kizazi cha nane, na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. OptiPlex 7010 ile ya 2012 ina TPM 1.2. Kwa hiyo Windows 11 unayoiona humo imeingizwa kwa kuruka ukaguzi. Itawaka, itafungua Word, leo hutaona kasoro. Siku toleo kubwa la mwaka likija ndipo utaanza kuhangaika, na wewe una faili la mteja linalotakiwa kesho asubuhi. HP hiyo iko ndani ya masharti bila kulazimisha kitu.

Kuhusu diski, usikubali kabisa ile hoja ya ukubwa. HDD ina kichwa kinachosogea juu ya sahani inayozunguka, na kuwasha Windows na kufungua Word ni kusoma vipande vingi vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja kichwa kikisubiriwa kifike. SSD haina kinachosogea. Ukiniuliza kitu kimoja ambacho mkono wako utakihisi tangu siku ya kwanza, ni hicho, kuliko hata prosesa. Maandishi hayali nafasi. GB 256 zitakutosha muda mrefu, na nakala za akiba uziweke kwenye diski ya nje.

Hata hivyo, HDD peke yake isingenifanya nikukataze ile Dell, kwa sababu diski inabadilishika. RAM inaongezeka. Feni inauzwa. Lakini kizazi cha ubao mama hukibadilishi: kwenye ubao ule, i7-3770 iko karibu kabisa na kileleni, hakuna pa kupanda, na RAM yake ni ya aina ya zamani, DDR3, ambayo hutaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine ya kisasa. Mimi nikinunua cha mtumba, hela yangu naiweka kwenye kile ambacho sitaweza kukibadilisha baadaye. Vingine navumilia.

(Jambo dogo kuhusu jina: Dell walilitumia tena OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Ukiona tangazo lenye jina hilo, uliza prosesa. Wapo wanaouza ya 2012 huku picha na sifa wamezichukua za 2023.)

Sasa swali lako la msingi, kama ni busara kununua iliyotumika. Kwa kompyuta ya mezani ya ofisini, ndiyo, na nasema kwa moyo mweupe. Kampuni nyingi hubadilisha kompyuta zote kwa mkupuo kila baada ya miaka kadhaa kwa sababu mpango wao unasema hivyo, hata kama zinafanya kazi vizuri. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuchoka wala bawaba ya kukatika. Vinavyozeeka ni vichache na vinajulikana: diski, feni, ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ambayo hukauka, betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa, na pawa saplai. Nikiwa na shaka na kimoja, ni pawa saplai, maana kwenye mashine hizi za umbo dogo si ya kawaida. Umbo lake na viunganishi vyake ni vya kampuni yenyewe. Ikifa utatafuta ileile, huwezi kuchomeka yoyote. Ndiyo maana dhamana ya muuzaji, hata ya miezi michache, ina thamani kuliko kupunguziwa bei kidogo.

Neno "imekarabatiwa" nalo liulizie. Kuna aliyefungua, akapuliza vumbi, akabadilisha dawa ya joto, akaijaribu RAM usiku kucha. Kuna aliyefuta kava kwa kitambaa. Na ile "daraja A" wanayoandika mara nyingi inahusu mikwaruzo ya nje. Muulize: ndani umebadilisha nini? Aliyefanya kazi atakujibu bila kufikiri.

Salama_Kwanza alijibu:

Naunga mkono HP, ila kabla ya kulipa ingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Kwa HP bonyeza F10 inapowaka, Dell ni F2, Lenovo nyingi ni F1. Ikikudai nenosiri, simama hapohapo mpaka muuzaji aliondoe mbele yako. Ndani tafuta sehemu ya usalama uangalie Absolute, ambayo zamani iliitwa Computrace. Ikiwa imewashwa, maana yake kampuni iliyokuwa nayo bado inaweza kuifuatilia na kuifunga, na kuweka Windows upya hakuiondoi.

Ndugu yangu alinunua mashine safi kabisa, alipoifuta na kuanza upya, ikamtaka aingie kwa barua pepe ya kampuni asiyoijua. Ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenye mali wa kwanza. Hadi leo iko kabatini. Dawa yake ni kuomba Windows iwekwe upya ukiwa umesimama pale, intaneti ikiwa imeunganishwa, uone skrini ya mwanzo inakuuliza nini.

Nuru_ya_Betri alijibu:

Mimi ningekushauri laptop iliyotumika. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inazima na kazi yako inaondoka nayo. Hilo kwa mtu wa kuchapa si dogo.

Fundi_Bisibisi alijibu:

Nuru, hoja yako ni ya kweli, na ndiyo gharama iliyojificha kwenye kompyuta ya mezani. Aweke UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwenye bajeti tangu mwanzo. Mashine ya aina hii ikiwa inachapa maandishi inatumia umeme kidogo, kwa hiyo hata UPS ndogo itampa muda wa kuhifadhi na kuzima vizuri. Lakini laptop ya mtumba inakuja na betri ya mtumba, na yeye tayari ameumwa na bawaba na shingo.

Kivuli, Mint kwenye mashine ya 2012 naikubali, ninayo moja inafanya kazi hivyo. Tatizo ni faili za wateja wake. Tasnifu ya Word yenye majedwali na marejeo ya chini ya ukurasa ukiifungua kwenye LibreOffice, mara mstari unaruka, mara namba za kurasa zinahama. Mtu anayelipwa kwa mpangilio wa kurasa hawezi kukaa na wasiwasi huo. Angekuwa mwanafunzi wa Python tu, ningemwambia akusikilize wewe.

Mpanga_Kurasa alijibu:

Dada ndiyo, Fundi. Asanteni sana, mmenifungua macho.

Nimerudi kwa muuzaji na orodha yenu mkononi. BIOS haikuwa na nenosiri, Absolute haijawashwa. Nimefungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski: SSD inaonyesha afya asilimia 94 na saa za kuwaka elfu kumi na moja na ushee. Hiyo imeniogopesha kidogo. Pia kuna mtu aliniambia niandike amri ya slmgr /xpr kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, ikajibu kwamba Windows itaisha tarehe fulani miezi michache ijayo. Muuzaji anasema nisijali, ikifika nimrudishie aiweke tena. RAM ni kipande kimoja cha GB 8.

Fundi_Bisibisi alijibu:

Saa zisikutishe. Mashine iliyoachwa inawaka usiku na mchana hufikisha saa 8,760 kwa mwaka mmoja, na ofisi nyingi hazizimi. Kwa SSD, tazama ile afya, maana inapima kiasi kilichoandikwa juu yake. Asilimia 94 ni nzuri. Ingekuwa HDD ningekuambia uangalie sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu ambazo diski imeacha kuzitumia), na kama si sifuri, uiache.

La Windows ndilo usilikubali. Tarehe ya kuisha maana yake imewashwa (yaani uhalali wake umethibitishwa) kwa njia ya leseni za makampuni, ile inayodumu siku 180 kisha inatakiwa ijithibitishe upya kwa seva ya kampuni ambayo wewe huna. Na jambo lenyewe huenda halina gharama yoyote: EliteDesk nyingi zilitoka kiwandani na Windows Pro, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya ubao mama. Mwambie apakue Windows 11 kutoka kwa Microsoft wenyewe, aweke upya, achague Pro, aunganishe intaneti. Kama ufunguo umo, itajiwasha yenyewe bila kuandika namba yoyote. Rudia slmgr /xpr. Ikisema imewashwa moja kwa moja, bila tarehe, lipa. Isipojiwasha, ama akupe leseni halali ama apunguze bei ya leseni hiyo, kabla hujatoa hela mfukoni. Na hapohapo utakuwa umefanya lile jaribio la Salama_Kwanza.

RAM ongeza kipande kingine cha GB 8, DDR4 ya 2666, ile ndefu ya kompyuta ya mezani, si DDR3 wala ile fupi ya laptop. Vipande viwili vitafanya kazi kwa pamoja, na kwa kuwa grafiki ya mashine hii inakopa RAM hiyohiyo, huenda ukaona tofauti ukipitisha kurasa zenye picha. Si lazima leo. Fanya malipo ya mteja yatakapoingia.

Kabla hujabeba: geuza mashine uone nyuma. G4 ya umbo dogo ina matundu ya DisplayPort, na HDMI si kila moja inayo. Linganisha na skrini uliyoipata, na kama haviendani dai kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI iwe ndani ya bei. Uliza na Wi-Fi, nyingi za ofisini hazina, zilitegemea waya. Kisha mwambie aiwashe, ufungue faili lako lile la kurasa mia tatu hapohapo dukani, ulipitishe kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukisikiliza feni.

Mpanga_Kurasa alijibu:

Amekubali kuiweka upya kesho mbele yangu. Nitaenda na faili kwenye flashi. Wi-Fi haina kweli, nimeangalia. Anasema atanipa kile kidude cha kuchomeka USB. Dhamana amesema ni miezi mitatu, nimemwambia aiandike kwenye risiti pamoja na namba ya mashine.

Fundi_Bisibisi alijibu:

Vizuri, dada. Hakikisha risiti inataja pawa saplai kwa jina kwamba imo kwenye dhamana.