Nimehamishwa parokia yangu ya kwanza, niwashukuruje bila kuwachangisha?

PadreWaPikipiki
Tumsifu Yesu Kristo, wanajukwaa. Nina mwaka na nusu tangu nipate upadre. Parokia yangu ya kwanza iko vijijini huku Dodoma, ina vigango saba, yaani makanisa madogo ya vijijini chini ya parokia. Juzi nimepokea barua ya uhamisho.

Kamati tendaji imeshapanga sherehe ya kuniaga, kila jumuiya ichange. Sasa hivi ni Februari, maghala matupu, uwele ungali shambani na mvua yetu ndiyo hii ya msimu mmoja. Moyo unakataa.

Mimi mtoto wa mjini. Nilifika na Kigogo cha salamu ya "mbukwenyi" tu, mlenda nausogeza pembeni ya sahani. Jumapili ya kwanza kigangoni pikipiki ikazama kwenye mchanga wa korongo. Misa ya saa tatu nikafika saa nane. Nikawakuta wote chini ya mbuyu, kwaya imemaliza daftari zima na kuanza upya. Bibi mmoja akaniuliza tu, "Baba, umekula?" Baba, na nina miaka 31!

Mwaka jana mvua ikakata mapema. Wakati wa matoleo mama mmoja akaja na dumu la maji kichwani, lita 20, akalitua mbele ya altare. Kisima kiko mbali, njia ile naijua. Nikajifanya natafuta ukurasa kwenye misale.

Watu hawa nitawashukuruje, ilhali wao ndio wanataka kunipa tena? Nikiikataa sherehe, si nitawaudhi?

MamaWawata
Milele amina, Baba Padre. Usikatae! Kwetu padre mmoja alimrudishia bibi jogoo wake kwa huruma, bibi akakaa miezi hakanyagi kanisani. Zungumza na mwenyekiti, fedha ziondolewe, kila kaya ije na ilicho nacho, hata kibaba cha karanga. Na siku hiyo mlenda ule, umalize sahani.

Mchokozi
Nunua mbuzi mwenyewe basi, Padre. Mmezoea kupokea.

KatekistaMstaafu
Mchokozi ana ulimi mkali, ila mbuzi ni wazo zuri. Padre, nimeaga mapadre wengi. Yupo mmoja tunamtaja mpaka leo. Kabla ya kuondoka alizunguka vigango vyote, akawaombea Misa marehemu aliowazika yeye mwenyewe, akiwataja kwa majina bila karatasi. Wamama walilia mpaka kwaya ikanyamaza. Chukua rejista ya marehemu, anza leo.

PadreWaPikipiki
Asanteni sana. Rejista iko mezani, ni majina 19. Mmoja ni mtoto, nilimbatiza Jumanne na kumzika Ijumaa, huyo sihitaji karatasi. Mchokozi, mbuzi nanunua, umenipata.

Mwenyekiti nimempigia, fedha amekubali zifutwe. Ila anasema yule mama wa dumu la maji keshauliza mara mbili naondoka siku gani, anataka kunipikia.