Nina D nne za kidato cha nne na ninataka kusoma shahada ya saikolojia: nianzie wapi?

Mshauri wa Mbagala aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 34 na ni mshauri nasaha katika kituo cha afya hapa Mbagala, ambako ninazungumza na watu waliotoka kupokea majibu ya vipimo vya Virusi vya UKIMWI na kuwafuatilia walioacha dawa. Kazi hii niliipata kwa mafunzo ya muda mfupi, si kwa cheti cha chuo. Kidato cha nne nilipata D nne, yaani Kiswahili, Uraia, Biolojia na Historia, na sikuendelea na kidato cha tano. Kadiri ninavyokaa na wagonjwa ndivyo ninavyoona kwamba wengi wana mambo mazito kuliko yale niliyofundishwa kuyashughulikia, na sipendi kuendelea kuyagusa kwa kubahatisha. Jamaa mmoja amenishauri nijiandikishe kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, mwingine anasema bila kidato cha sita nisahau shahada. Naomba mwenye kuufahamu utaratibu anieleze, hasa kama uzoefu wangu wa kazini unahesabika.

Afisa Udahili Mstaafu alijibu:

Dada, pole na kazi. Aliyekwambia usahau amekosea. Kidato cha sita ni njia mojawapo tu ya kuingia chuo kikuu, na kwa anayepita huko Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa kawaida hutaka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0. Mwombaji mwenye stashahada hupimwa kwa kigezo kingine: awe amefaulu masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne kwa alama D au zaidi, na stashahada yake iwe na wastani wa B au GPA (wastani wa alama za masomo yote kwa pointi) isiyopungua 3.0. Kwa hiyo D nne zako, ambazo huenda umekuwa ukizionea aibu, ndizo zinazokuwezesha kuanza.

Kuhusu kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, kozi ipo na inatambulika, lakini haikumlenga mtu mwenye cheti cha kidato cha nne peke yake. TCU inataka GPA ya 3.0 katika kozi hiyo na, juu yake, mwombaji awe na ama matokeo ya kidato cha sita yasiyopungua pointi 1.5 katika masomo mawili, ama stashahada yenye GPA ya angalau 2.0, ama cheti cha ngazi ya tano ya NTA, yaani mfumo wa ngazi za tuzo za elimu ya ufundi. Wapo watu wanaolipa ada ya kozi hiyo bila kuelezwa sharti hilo la pili, na jambo hilo linanisikitisha sana.

Uzoefu wako unahesabika kupitia utaratibu unaoitwa RPL, ambao hutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa masomo. Utaandaa jalada la ushahidi, yaani mikataba, barua za waajiri na vyeti vya mafunzo mafupi, kisha utafanya mtihani. Kinachotakiwa ni wastani wa B+, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba miaka ya kazi pekee inatosha.

Binti wa Temeke alijibu:

Mimi nilipitia stashahada, nikiwa na matokeo yanayokaribiana na yako. Kwa aliyetoka kidato cha nne ni miaka mitatu: ngazi ya nne, ya tano na ya sita za NTA. Pale Kijitonyama ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ambayo masomo yake yako karibu na kazi unayoifanya. Kilichonielemea zaidi ni Kiingereza. Wewe unasikiliza na kufariji kwa Kiswahili kutwa nzima, lakini vitabu, mitihani na ripoti za mafunzo kwa vitendo ni kwa Kiingereza, na ukifika shahada unakutana pia na takwimu. Anza kujisomea sasa, kabla hujalipa ada popote.

Mwanasaikolojia wa Upanga alijibu:

Ninakubaliana na mzee wetu kuhusu kanuni, ila kuhusu RPL nina maoni tofauti. Kwa mtu anayetaka kuhudumia wenye maumivu ya nafsi, miaka ya stashahada inampa kitu ambacho mtihani hauwezi kumpa: kufanya kazi chini ya msimamizi anayemsahihisha. Kama hali ya fedha na familia inaruhusu, chagua stashahada.

La pili, chagua kwanza shahada unayoitaka, ndipo urudi nyuma kutafuta stashahada. Mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka unaonyesha, kwa kila programu, ni stashahada za fani zipi zinazokubaliwa, na nimeona watu wenye GPA nzuri wakikataliwa kwa sababu tu fani yao haikuwamo. Angalia pia shahada yenyewe inaelekea wapi. Kwa mfano, shahada ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni shahada ya elimu, na ina uzito mkubwa upande wa ufundishaji na ujifunzaji. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba wa hospitalini atahitaji pia shahada ya uzamili, na kwa hapa jijini inatolewa MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, pale Muhimbili. Ninakueleza mapema ili upange miaka yako ukijua urefu wa safari.

Mshauri wa Mbagala aliandika:

Nawashukuru sana. Nitaanza na mwongozo wa TCU, kisha nitafute stashahada. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba yangu, ilhali mkataba wa kazi una jina la mume wangu. Je, litaniletea shida?

Afisa Udahili Mstaafu alijibu:

Litakuletea usipolirekebisha mapema. Nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni yako, na katika maombi yote ya chuo tumia jina lililo kwenye cheti cha Baraza la Mitihani. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha pia kwamba chuo cha stashahada kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na bado kozi moja ikawa haina ithibati.