Tupeane uzoefu: waliofanya mtihani wa Kijapani (JLPT), yapi yaliwakuta?

Mgosi wa Saitama
Wakuu, heshima kwenu. Dogo kanipigia jana kuuliza N2 ikoje (ngazi ziko tano, N5 ya chini kabisa, N1 ya juu kabisa), nikacheka peke yangu kwenye treni hadi mama wa pembeni akahama kiti. Wanakupa dakika 105 za msamiati, sarufi na kusoma, vyote kwa mkupuo, na hakuna wa kukwambia sasa hamia kwenye kusoma. Wakati mimi bado nahangaika na maswali ya nyota, yale ya kupanga vipande vinne vya sentensi, jamaa wa mbele alikuwa anafunua kurasa kama anapepea jiko la mkaa. Sijui alikuwa anasoma au ananitisha tu. Waliopita huko, tiririkeni.

Wa Ngong Road
Nyinyi wa Japani mko na mtihani Julai na Desemba bado mnalia? Huku Nairobi ni Desemba pekee. Ukianguka unangoja mwaka mzima, na kila mtu mtaani anakuuliza "ile Kijapani yako iliishia wapi?"

Mama Kanji
@Wa Ngong Road hapo kwenye kuulizwa umenigusa.

Binti Chumbageni
Ngoja niwape yangu, iliniumiza mpaka nikaacha kufungua vitabu. N2, Julai, chuo kimoja huku Japani. Tumeingia, tumepewa zile bahasha za kuwekea simu, tumeambiwa zimeni. Sehemu ya kwanza ikaisha salama. Tukarudi kwenye kusikiliza.

Mnalijua lile swali la nne. Kwenye kijitabu hakuna kitu, ukurasa mtupu. Unasikia mtu anasema sentensi moja, halafu majibu matatu, wewe uchague la kumjibu. Sauti haichezwi mara mbili. Ukilikumbatia moja, la pili limeshapita.

Basi tuko hapo, ukumbi kimya, naanza kuingia kwenye mdundo, mara: ALLAHU AKBAR, ALLAHU AKBAR. Sauti ya juu kabisa. Adhana ya Alasiri, kutoka kwenye bahasha ya jamaa yetu wa Unguja, safu ya nyuma yangu. Simu alikuwa ameiweka kimya tu, hakuizima, na ile programu hailijui neno kimya. Anapapasa bahasha, mikono inatetemeka, gundi haibanduki. Msimamizi kaja kwa hatua ndogondogo, kaonyesha kadi nyekundu, kainamisha kichwa kama anaomba radhi yeye. Jamaa katolewa. Na kaseti yao inaendelea tu, haikusimama hata sekunde!

Matokeo: jumla 101 kwa 180, na N2 wanataka 90. Nikapiga vigelegele. Kushuka chini: kusikiliza 18. Kila sehemu lazima upate 19 kwa 60, la sivyo jumla yako haina maana. NIMEFELI.

Mgosi wa Saitama
Ya Rabi! Alama moja?

Mzee wa Baito
Chai hii. Simu ziko kwenye bahasha, zimezimwa, adhana itoke wapi?

Binti Chumbageni
@Mzee wa Baito soma tena kaka, nimesema hakuizima. Au na wewe kusoma kunakupa shida?

Mwana wa Kibaha
😂😂😂 kapigwa 19 kwa 60 huyo

Katekista
Ila angeiondoa hiyo programu siku ya mtihani. Mbona sisi mtihani unaangukia Jumapili, tunakosa ibada na hatupigi kengele ukumbini.

Mama Kanji
Msiipeleke huko tafadhali. Kosa la simu ni kosa la simu, hata ingelia taarabu.

Wa Ngong Road
Wasee, huyo wa adhana alifika wapi? Tuambieni!

Binti Chumbageni
Alirudi Desemba ile ile na N2 akaipita. Simu aliiacha nyumbani kwangu. Mimi ndiyo kwanza najipanga upya.

Bosi N1
Tatizo mnaishia N2. Someni N1 mkapewe heshima.

Fundi wa Nagoya
Heshima gani mkuu? Mtihani wote hauna kuongea wala kuandika, ni kusiliba vidoto kwa penseli. Kiwandani kwetu kuna mwenye N1 anaomba mimi wa N4 nikamuulizie likizo kwa bosi. Na N4 hiyo hiyo, pamoja na mtihani wa ufundi, ndiyo iliyonipa visa ya Tokutei Ginou, ile ya wafanyakazi wenye ujuzi maalum.

Bosi N1
Ukiomba visa ya wataalamu wa juu, N1 ni pointi 15. N4 yako pointi ngapi?

Fundi wa Nagoya
Inalipa kodi ya nyumba.

Mzee wa Baito
Turudi kwenye mada. Dogo aanze na kusoma, kanji, zile herufi za Kichina, zije mwisho.

Mama Kanji
Usimsikilize. Amalize msamiati kwanza haraka haraka, usipoijua kanji hata ukiikodolea macho haikwambii kitu.

Mwana wa Kibaha
Asichokijua asilibe namba 3. Jibu baya halikatwi alama.

Katekista
Mimi nilisiliba 2 zote. N3 nimepita.

Wa Ngong Road
Asikunywe chai mob asubuhi, hiyo tu.

Mgosi wa Saitama
Dogo anasoma hapa kimya kimya, anasema sasa anataka kuanza na N5 🤦🏾