Naomba ushauri: app gani itatunza siri za akina mama ninaowahudumia?

DadaWaNyalenda (Kisumu)
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda. Akina mama huniandikia mambo ambayo hata waume zao hawayajui: ARV, mimba, vipigo. Mwezi jana nilienda saiba kuchapisha barua, nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, nikaondoka bila kuifunga. Juzi mama mmoja amenijia analia, ameulizwa habari za dawa zake sokoni, mbele za watu. Sipati usingizi. Nataka kuhamia Telegram, nasikia ndiyo yenye siri. Mnasemaje?

FundiSimu_Nakuru
Pole sana dada. Telegram hapana. Mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva zao, na funguo za kuyasomea wanazo wao. Siri kamili utaipata tu ukifungua soga ya siri na mtu mmoja, kwenye kundi haipo. WhatsApp tangu 2016 hufunga ujumbe kwa mfumo uleule wa app ya Signal, usomwe na wanaoandikiana tu. Hakuna aliyeuvunja njiani, mtu amekaa kwenye kiti ulichokiacha akasoma. Hebu fungua WhatsApp sasa hivi, bonyeza vidoti vitatu pale juu, uangalie vifaa vilivyounganishwa.

DadaWaNyalenda
Kipo kimoja. Windows, kimetumika mara ya mwisho jana saa kumi jioni. Mikono inanitetemeka. Nimekitoa.

Mwalimu_Webuye
Kwangu mimi ni Signal. Ni ya shirika lisilotafuta faida na haina matangazo. Mwaka 2016 ilipotakiwa Marekani kutoa habari za watumiaji wake, ilichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa, basi. WhatsApp haisomi maneno yako, lakini inajua unaongea na nani na saa ngapi. Tena tangu 2024 Signal inakuruhusu kuficha namba yako ya simu.

Nesi_Kakamega
Mwalimu, yote ni kweli, ila wengi wa hao mama simu ni moja na mume. Akikuta app asiyoijua, maswali yanaanza usiku huohuo. WhatsApp haimshtui mtu. Dada, kaa hapohapo. Washa ujumbe wa kujifuta wa saa 24, na ule wa zamani ufute kwa mkono kwa sababu wenyewe haujifuti. Weka PIN ya hatua mbili, hata laini yako ikiibwa wasiingie kirahisi. Bakapu ya Google, yaani nakala ya mazungumzo yako, nayo haifungwi kwa siri kamili kama ujumbe wenyewe mpaka uiwashie mwenyewe, wengi hawajui. Na jina la dawa usiliandike kabisa. Andika "njoo tuonane", yatosha.

FundiSimu_Nakuru
Nesi amenizidi. Mimi nilitazama simu ya dada tu, ya mama nikaisahau.

DadaWaNyalenda
Asanteni sana. PIN tayari, bakapu tayari, nafuta ya zamani moja baada ya nyingine. Yule mama nitamwendea kesho alfajiri kabla hajafungua kibanda, nimweleze mwenyewe kwamba ni mimi niliyeacha kompyuta wazi.