Tarawehe: ni sunna, au tumeshaifanya faradhi kwa midomo yetu?

Mtoa mada (Langoni, Amu)

Assalaamu alaykum. Naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno.

Juzi barazani, baada ya tarawehe, ile sala ya usiku ya Ramadhani baada ya isha, alisemwa binamu yangu. Yeye ni mvuvi wa jarife, wavu wa kutega, na jarife hutaka giza. Mwezi ukiwa mkubwa hukaa nyumbani akashona nyavu. Mwezi ukiwa mdogo yuko baharini hadi alfajiri. Basi Ramadhani humwona msikitini siku za katikati tu, mwanzo na mwisho hayupo. Mzee mmoja akasema, "Asiyesali tarawehe saumu yake yaning'inia." Mwingine akadakia kwamba hata anayeondoka baada ya rakaa nane ni heri asingekuja.

Nilinyamaza kwa heshima ya mvi, lakini usingizi haukuja. Hilo la saumu kuning'inia nimelizoea likisemwa juu ya zakatul-fitri, ile sadaka ya kumaliza Ramadhani, na hata huko wanazuoni wa hadithi wanalitia ila. Kwenye tarawehe limefikaje?

Hadithi ya Bibi Aisha sote tumeisoma chuoni. Mtume (s.a.w.) alisali msikitini usiku, watu wakamfuata. Usiku wa pili wakazidi. Usiku wa tatu au wa nne msikiti ukajaa, naye hakutoka. Asubuhi akawaambia kwamba aliwaona walivyokusanyika, na kilichomzuia ni kuchelea isije ikafaradhishwa juu yao. Yeye alijifungia nyumbani ili isiwe faradhi. Sisi tunakaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, tunaifaradhisha.

Mnasemaje?

Mzee wa Mkomani

Mwanangu, hakuna aliyesema ni faradhi. Ni sunna iliyotiliwa mkazo, nasi Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, tunaisali rakaa ishirini, salamu kumi. Ukiunga nne kwa salamu moja, kwa madhehebu yetu haikusihi. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, ndiye aliyewakuta watu wametawanyika msikitini, huyu peke yake, yule na kikundi chake, akawakusanya nyuma ya Ubayy bin Kaab. Tangu hapo ni alama ya mwezi huu.

Ninaloogopa mimi ni kuilegeza. Wewe umeona usiku wa kwanza, viatu vimejaa hadi ndiani. Ngoja kumi la pili, safu tatu. Kumi la mwisho vijana wako madukani wakipima kanzu za Idi. Ukiwaambia "si lazima", hizo safu tatu utaziona?

Mwanafunzi wa dini, Malindi

Ami, shikamoo. Umar huyo huyo alipowaona nyuma ya imamu mmoja alisema ni bidaa njema hii, yaani jambo jipya lililo zuri, kisha akasema kwamba sala wanayoikosa kwa kulala ni bora kuliko hii wanayoisali, akikusudia ya mwisho wa usiku. Kwa hiyo aliyewakusanya mwenyewe hakudai kwamba fadhila zote ziko kwenye jamaa ya baada ya isha.

Idadi nayo haina haja ya kutoana roho. Bibi Aisha anasema Mtume hakuzidisha kumi na moja, Ramadhani wala nje yake. Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, imepokea kumi na moja na ishirini na tatu, zote za zama za Umar. Watu wa Madina walifika thelathini na sita. Makka kwenyewe, 2020 wakati wa Korona, ishirini zilipunguzwa hadi kumi.

Kinachonikera mimi ni mwendo. Ishirini za nusu saa, Fatiha kwa pumzi moja, rukuu ya kudonoa kama jogoo! Nane za utulivu na ishirini za mbio, ipi ina sura ya sala?

Mzee wa Mkomani

Za mbio nami sizitetei. Lakini ishirini za utulivu zipo pia, usizifiche. Na kuna hadithi ya anayesimama na imamu mpaka akamaliza, huandikiwa kisimamo cha usiku mzima. Wewe unatoka ya nane, imamu bado amesimama.

Mama wa Langoni

Nimesoma yote nikacheka kidogo. Babu zangu na kaka zangu, mnabishana nani katoka ya ngapi, na sisi je? Misikiti yetu mingi ya zamani haina hata pembe ya mwanamke. Bibi yangu alisali tarawehe zake ukumbini miaka yote, juu ya mkeka, baada ya kuosha vyombo vya futari, na sikusikia mtu akisema saumu yake yaning'inia.

Kisha ikaja 2020, misikiti ikafungwa nchi nzima, Ramadhani yote. Mume wangu akawa imamu wetu. Usiku wa tatu nikagundua sura anazozijua zinakwisha kwenye rakaa ya kumi na mbili, akawa anarudi kwa Kulhuwallahu. (Namsitiri, hajui kama naandika hapa.) Ile ilikuwa Ramadhani tamu kuliko zote nyumbani kwetu. Ikiwa ilisihi kwa wanaume wa mji mzima, kwa mvuvi mmoja itaharibika vipi?

Mtoa mada

Ahsante, mama. Ami, swali langu si la vijana wa kanzu, hao tuko pamoja, wasemwe. Swali ni la mtu aliye kazini. Wakati wa tarawehe ni kuanzia isha hadi alfajiri. Sala ya sunna husaliwa hata kwa kukaa, ingawa thawabu ni nusu kwa anayeweza kusimama. Mtume alisali sunna na witri, sala ya kufungia sala za usiku, juu ya mnyama wake, akielekea anakokwenda. Faradhi hakuisali hivyo. Na mafakihi (wanazuoni wa sheria) wa Kishafii wamemruhusu mshika usukani asali sunna bila kugeukia kibla, chombo kisimpotee. Kitabu kimemkumbuka nahodha wa binamu yangu, baraza limemsahau!

Nilimuuliza mwenyewe. Akasema wakishatega, kabla ya kuvuta, husali mbili mbili anazoweza, wenzake wakilala. Hahesabu. Alfajiri anapanda na samaki bandarini, na adhuhuri changu wake wanauliziwa bei na wazee wale wale, kwa ajili ya futari.

Mzee wa Mkomani

Hapo umenishika, mwanangu. Mimi mwenyewe nilinunua jana.

Mwambie witri asiiwate.