Azimio la mwaka mpya: lako lilifia wapi, na lipi liko hai mpaka leo? Tupeane uzoefu

Karani wa Dodoma (mleta mada)

Wakuu, habari za sikukuu.

Kila tarehe 31 Desemba nilikuwa najaza ukurasa mzima wa dayari. Mwaka 2022 niliandika maazimio kumi na manne, mikono bado inanukia pilau: kuacha bia, kuanza msingi wa nyumba, kupunguza tumbo, kusoma shahada ya pili, kutokopesha ndugu, mengine hata sikumbuki. Mwezi wa tatu mke wangu akaiokota ile dayari chini ya godoro la mtoto, akaanza kunisomea kwa sauti mbele ya shemeji. Niliyakumbuka matatu tu, na hayo matatu nayo sikuwa nimeyaanza.

Mwaka uliofuata niliandika moja: kila shilingi inayotoka, iandikwe. Daftari la mtoto wa shule, kalamu imefungwa kwa uzi, linakaa juu ya friji. Sio bajeti, bajeti zimenishinda tangu naoa. Ni kuandika tu.

Mwisho wa Januari nikajumlisha. Ada, sare, kodi ya miezi sita, hivyo nilivijua, vilikuwa vinaniuma kihalali. Kilichonikalisha kitako ni bando la siku. Buku leo, buku kesho, jumla 31,000. Na kuna mstari niliuandika "kidogo kwa fulani" mara kumi na moja. Fulani huyo ana mwili gani, mimi mwenyewe sijui. Ukichanganya na mshahara wa Desemba unaotoka kabla ya Krismasi, ndiyo maana tunasema Januari ina siku arobaini.

Lilifia njiani. Mwezi wa nane nilikwenda msibani Songea wiki mbili, daftari likabaki Dodoma. Nikalifufua Septemba, na halijafa tena.

Haya, leteni yenu. Ila sharti: moja tu, usinimwagie orodha. Na kama lilikufa, sema lilifia wapi, kwa sababu mafanikio tunayasikia kila siku.

Temboni Mbio

Kukimbia alfajiri. Lilifia tarehe 9 Januari kwa mbwa wa jirani. Sina la kuongeza.

Mama Lishe wa Mabibo

Mimi niliponzwa na ile hesabu ya wiki 52. Wengi mnaijua: wiki ya kwanza unaweka 1,000, ya pili 2,000, mpaka ya 52 unaweka 52,000. Mwisho wa mwaka una 1,378,000. Januari 2023 nilitumiwa ile picha WhatsApp na watu wanne.

Nikaenda kwa seremala, akanitengenezea kibubu cha mbao kisicho na mlango, ni nyundo tu. Mpaka Juni raha tupu, nilikuwa nakitikisa nacheka peke yangu. Mambo yakabadilika Agosti. Aliyechora ile hesabu hajawahi kuuza chakula saiti ya ujenzi. Wiki nne za mwisho peke yake ni 202,000, na zote zinaangukia Desemba. Desemba mafundi wanarudi kwao! Saiti inabaki na mlinzi mmoja anayekula kwa mkopo. Yaani hesabu inakudai kikubwa kabisa mwezi ambao mfuko umelala.

Nilivunja wiki ya 38. Zilikuwa 741,000. Nikanunua mtungi wa gesi, sufuria mbili kubwa, nyingine zikaenda hospitali na mtoto. Nililia, nikidhani nimeshindwa. Mama yangu akaniuliza, "Umeshindwa nini, na gesi hiyo hapo inawaka?"

Mwaka wa pili nikaandika namba 1 mpaka 52 kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Kila Jumapili nakata namba ninayoiweza wiki hiyo, haijalishi ipi. Januari nilikata 5, 6, 8 na 7. Mwezi wa sita saiti imejaa, nakata 45 na 47. Namba 1 mpaka 4 nimezifungia, hazikatwi mpaka Desemba. Mwisho wa mwaka zilibaki tano, zote za juu, 48 mpaka 52. Nikavunja nikakuta 1,128,000.

Karani wa Dodoma

Mama Lishe, heshima yako. Swali la kizembe: kwa nini usiweke kwenye simu au benki?

Mama Lishe wa Mabibo

Simu ina vidole vyangu. Kibubu kinahitaji nyundo, na nyundo iko kwa jirani mwenye maneno. Nikienda kuiazima Agosti, mtaa mzima utajua.

Mweka Hazina

Dada, milioni ndani ya chumba cha kupanga mimi silali usingizi. Sisi kwenye kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Hakuna anayeweza kufungua peke yake hata akiwa na shida ya kweli. Hapo kwenye shida ya kweli ndipo penye ugomvi, lakini hiyo ni mada nyingine.

Nesi wa Zamu

Azimio jepesi kuliko yote: mwezi huu kapime presha. Ukiona 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikijirudia muone daktari. Usisubiri kichwa kiume. Presha kwa kawaida haiumi, ndiyo ubaya wake.

La kwangu lililodumu: chupa ya chumvi imetoka mezani. Jikoni ipo, mezani haipo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu iliyoko kwenye mkate, supu na zile chipsi za jioni. Nyumbani kwangu tulikuwa tunaonja baada ya kunyunyiza.

Lilifia wapi? Kwenye gari. Mwezi wa nne nilikuta mume wangu ana chupa yake ndogo kwenye droo ya mbele, anatembea nayo mpaka kwa mama lishe. Sijamwambia kama nimeiona. Huwa naipunguza kidogo kidogo.

Kijana wa Kakamega

Majirani zangu wa TZ, hamjambo. Huku kwetu mwezi huu tunauita Njaanuari, kwa hivyo mambo ya kuweka akiba nawaachia.

Mimi kazi iko Nairobi, Mama yuko nyumbani. Nilikuwa nampigia simu mara mbili kwa mwezi na zote ni za pesa. "Nimetuma, umepata?" "Nimepata, Mungu akubariki." Kwisha, hata dakika haijafika. Azimio langu la 2024 lilikuwa kumpigia kila Jumapili saa mbili usiku, na pesa isitajwe.

Jumapili ya kwanza akashika simu kwa wasiwasi. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna. "Basi wewe ni mgonjwa." Nikamwambia mimi ni mzima, nasalimia tu. Akanyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akasema ng'ombe amezaa. Hiyo ndiyo habari aliyopata ya kunipa, nami sikujua la kuuliza zaidi ya kama ni dume au jike.

Kufika Jumapili ya tano alikuwa ananiwekea habari za wiki nzima: nani ameokoka, nani amesongeza mpaka wa shamba, mahindi yameota wapi na yamekataa wapi. Nikaanza kujua watu wa kijiji changu upya.

Likafia kwa aibu. Aprili nilipoteza kazi. Sikuwa na kitu cha kutuma, nikaona nikipiga atasikia kwa sauti. Nikaruka Jumapili tatu. Ya nne, saa mbili na robo, akanipigia yeye, na salio lake mwenyewe, mtu ambaye huwa ana-flash tu. Nikaanza kujitetea kuwa mwezi huu mambo ni magumu. Akanikata: "Mimi sijaulizia pesa. Nimeulizia Jumapili."

Bodaboda wa Igoma

Kofia ngumu ya abiria. Niliazimia nibebe mbili, yangu na ya mteja. Lilifia kwenye nywele. Kina dada wa hapa Mwanza wametoka kusuka, nani akubali kuvaa kofia iliyovaliwa na watu ishirini? Nikanunua vile vikofia laini vya kuvaa ndani, vya kutupa, kama vya saluni. Sasa wanaume ndio wanaokataa.

Mtoto wa Makunduchi

Assalamu alaykum. Nyie mwaka wenu Januari, sie kwetu tunauoga Julai. Asojua aje Makunduchi, kusini Unguja, aone Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya: wanaume wa pande mbili za mji wanatiana vigogo vya migomba, yaliyomo moyoni yote yatoke, wanawake wakiimba. Kinachomwa kibanda, kisha ni kula na kuvaa. Na siku ile kila nyumba iwe na mgeni, kutokuwa na mgeni si kheri.

Mimi na binamu yangu tulikuwa hatusemezani miaka sita kwa sababu ya mnazi mmoja. Mmoja! Umesimama mpakani, nazi zinaangukia kwangu, shina liko kwake. Mwaka mmoja nikaazimia ugomvi uishe siku ya mwaka. Tukakutana uwanjani, nikampiga kigogo, naye akanipiga hasa, tukacheka, watu wakashangilia. Jioni kila mtu akarudi kwake na mnazi wake kichwani. Vigogo vilitoa jasho tu.

Mwaka wa pili sikwenda uwanjani kwanza. Nilikwenda kwake usiku wa kuamkia, nikamwambia sina mgeni, na kesho ndo mwaka. Akaniangalia, akajua najua kuwa anajua kuwa mke wangu ana dada zake wanne nyumbani. Lakini alikuja. Alikula, akanawa, kisha tukenda kuutazama mnazi sote wawili. Ulikuwa umezeeka, hauzai.

Baraza la Tandika

Mtoto wa Makunduchi umenikumbusha. Mimi sigara niliiacha Ramadhani, sio Januari. Nilikuwa navuta pakiti kwa siku. Ukifunga, kuanzia alfajiri mpaka magharibi mwili unajifunza wenyewe, kazi inabaki zile saa za usiku, nami nikasema nisivute nazo. Siku zote za mfungo nilikuwa safi. Likafia Idi mosi, baada ya swala, barazani. Si kwa hamu, wallahi. Ni ile mkono umenyooshwa na rafiki wa miaka ishirini, anasema Idi mubaraka, na katikati ya vidole imo.

Ramadhani iliyofuata nilirudia, na Idi mosi nikampeleka mke wangu kwao Bagamoyo, nikakaa siku tatu. Nimebadilisha na baraza, siku hizi nakaa na wazee wa bao. Wanatema mate kila dakika lakini hawavuti. Wale rafiki zangu nawamiss, hilo sitadanganya. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimekwenda wapi.

Karani wa Dodoma

Baraza, hiyo ya mwisho imenikaa kooni. Njoo na mbinu zaidi, kuna mtu ofisini nataka asome.

Temboni, wewe umeandika mstari mmoja ukatokomea. Huyo mbwa ni mkubwa kiasi gani?

Temboni Mbio

Mkuu, mdogo. Ndiyo sababu nilikuwa sitaki maelezo.

Ila jana baada ya kusoma habari ya mama wa Kakamega nikalala nimeweka raba mlangoni. Leo saa kumi na moja nimepita pale na fimbo. Ametoka, amesimama, akanifuata nyuma mpaka barabara ya lami bila kubweka, kisha akakaa chini kunitazama nikiondoka. Wakati narudi alikuwa bado amekaa palepale.

Jamani, mbwa wa koko anakula nini asubuhi?