Timu yetu ya ligi ya mkoa haishindi: mnaozifuata timu ugenini mnasafirije?

Mama Jezi (Ujiji)

Habarini wanamichezo. Mimi nauza migebuka na dagaa sokoni Mwanga, nyumbani ni Ujiji. Mwaka wa nne huu ndiye ninayefua jezi za timu ya mtaani kwetu, ligi ya mkoa, na nikishazifua siwezi kukaa nyumbani nisijue zinachafuliwa vipi. Basi nasafiri nao. Msimu huu tumecheza mechi saba, sare mbili, zilizobaki tumechapwa. Buhigwe tulikula mkono, bao tano. Uvinza tuliongoza mpaka dakika ya 80, tukarudi tumelala 2-1.

Juzi ilikuwa Kasulu. Noah mbili: wachezaji 16, kocha, mimi na kijana wetu wa ngoma, hujahesabu madereva. Kipa wetu ni mrefu kama mlingoti, alikwenda magoti yakigusa kidevu njia nzima, na bado mtu alimpakatisha mfuko wa mipira. Tumefika, vijana wanapasha, kamisaa wa mechi anaomba leseni za wachezaji. Bahasha haipo. Kocha ananitazama, mimi natazama mkoba. Hapo hapo nikaiona bahasha kabisa, kana kwamba iko mbele yangu: juu ya beseni la dagaa, mlangoni kwangu, nilipoiweka kwa makusudi ili nisiisahau.

Kamisaa akaandika ripoti yake, tukajua pointi zimeshaliwa mezani. Lakini watu walikuwa wamejaa, na wenyeji waungwana, wakasema tusiwarudishe hivi hivi, tucheze ya kirafiki. Tukashinda 2-1! Ndiyo mechi pekee tuliyoshinda tangu msimu uanze, na haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Wiki ijayo ni Kibondo. Kamati imetangaza kwamba kuanzia sasa gari la timu ni la timu, mashabiki wajitegemee. Hilo limesemwa kikaoni. Lingine nimelisikia bombani nikichota maji, kwamba mimi nina gundu. Sasa naomba ushauri wenu: mnaofuata timu hizi za chini mnapanda gari moja na wachezaji au mnajitenga? Na la gundu niambieni tu, msinionee haya.

Mzee wa Stesheni (Tabora)

Binti yangu, pole. Mimi mstaafu wa reli. Enzi zetu timu na mashabiki tulikuwa behewa moja, daraja la tatu. Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, unalala na kuamka njiani. Nguruka mnanunua samaki, Uvinza mtu anashuka kutafuta chumvi ya kupeleka nyumbani, honi inalia anakimbia huku kanzu imekunjwa kiunoni.

Ubaya ni kurudi mmefungwa. Nakumbuka beki mmoja alijifunga Kigoma, akakaa dirishani kajifunika koti usoni, tukapita Malagarasi hakuna aliyemsemesha. Usinge mama mmoja muuza karanga akamrushia gazeti lililofungwa karanga, hata hela hakudai, alidhani kijana kafiwa. Akala. Kufika Kaliua anabishana na sisi kuhusu ofsaidi.

Kwa hiyo mimi ningesema panda gari lao, hata kama ni kwa kubanana. La gundu achana nalo. Hapa kwetu Rhino Rangers walicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 wakashuka mwaka huo huo, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi tulikuwa tunaujaza. Tungeanza kutafuta mwenye gundu tungekagua mji mzima.

Murubona Damu

Mama Jezi, nilikuwepo! Lile bao lenu la pili, la yule mfupi wa kushoto, mpaka leo tunalisimulia kijiweni. Ila mwambie kijana wenu wa ngoma apunguze mdomo. Alimtukania mshika kibendera mama yake, na mama mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yetu anauza mihogo.

Kuhusu Kibondo, msiige mtindo wa kuondoka Kigoma siku ya mechi. Zamani kutoka hapa Kasulu kwenda kule unafika mwekundu kwa vumbi hadi kope, siku hizi afadhali sana, lakini ni mbali vile vile na miguu ya mchezaji inakufa ganzi. Na anayejitegemea aulize kabisa gari la kurudi kabla hajaingia uwanjani. Mpira ukiisha jioni utalala huko.

Dogo wa Gungu

Mama, samahani, mateso ya nini? Mashujaa wetu wa Kigoma wapo Ligi Kuu tangu 2023, unatembea tu mpaka Uwanja wa Lake Tanganyika unamwona Simba na Yanga. Pale pale ilichezwa fainali ya Kombe la Shirikisho 2021, Simba 1-0 Yanga, bao la Taddeo Lwanga wa Simba. Huko Kibondo unafuata nini?

Mama Jezi (Ujiji)

Mwanangu wa Gungu, fainali hiyo niliingia, na migebuka niliuza mpaka ikaisha. Lakini Lwanga hajui jina langu. Huyu kipa wangu akifungwa anakuja kunionyesha kiwiko kilichochubuka, nampaka mafuta.

Mzee, shikamoo, nashukuru sana. Maneno yako nimemsomea kocha kwenye simu, akacheka, lakini kamati haijabadili kauli. Basi nami nimeamua hivi: natangulia na basi siku moja kabla, kwa nauli yangu, na jezi zote ninazo mimi. Wasioutaka mguu wangu Kibondo watacheza vifua wazi. Bahasha ya leseni nimeishonea ndani ya mfuko wa jezi kwa uzi wa nyavu, kuitoa mpaka wembe.

Murubona, kijana wa ngoma nimemsema, anasema ataleta kilo ya dagaa kwa yule mama wa mihogo.

Sasa aliyeko Kibondo anisaidie: natafuta gesti ya bei nafuu yenye ua wa kuanikia. Mvua imeanza huku, na jezi 16 zote bado mbichi.